Bwana Harusi Mwenye Sikio Lililokatika

Bilha alimtambua bwana harusi kwa sikio. Sikio la kushoto la mtu yule lilikuwa limemegeka kipande kidogo kwa juu, kama ukingo wa kikombe kilichodondoshwa. Bilha alikuwa amepiga goti kati ya viti vya kanisa, jicho kwenye kamera. Sikio lile alikwisha kuliona. Miaka saba nyuma mtu huyohuyo, akiwa bwana harusi, alimwomba asimpige picha za upande wa kushoto.

Bilha alikuwa mtu wa Kisumu. Alikuja Juba na kamera moja akafungua studio katika mtaa wa Custom, mlango wa pili kutoka duka la vipuri vya simu la Mugisha, Mganda aliyekuja kuwa kama ndugu yake. Siku za kazi alipiga picha za pasipoti na za familia, na Jumamosi zilikuwa za harusi. Vita vya mwaka 2016 vilipomfukuza alivuka mpaka pamoja na wateja wake, akakaa miaka miwili Adjumani, Uganda, akiwapiga picha wakimbizi, kisha akarudi Juba. Huko Adjumani ndiko alikoipiga picha ile harusi. Kanisa lilikuwa la turubai, gauni la kuazima, na bibi harusi aliitwa Florence. Alikuwa msichana wa kucheka ovyo, hata mchungaji alilazimika kumngoja atulie ndipo aseme kiapo.

Bwana wa Florence aliitwa Taban. Na jina lililoandikwa kwenye ratiba ya ibada ya leo lilikuwa Taban.

Harusi hii ilipangwa na bibi harusi mwenyewe, Rejoice, nesi katika zahanati moja ya Thongpiny. Alikuwa amelelewa Eldoret na alizungumza Kiswahili kama mtu wa huko, ndiyo sababu alimchagua Bilha. Kila jambo walilipanga wao wawili. Kuhusu bwana harusi, Bilha aliambiwa tu kwamba kazi yake ni ya safari nyingi. Taban ni jina la watu wengi, na halikumshtua.

Taban aligeuka kuitazama kamera. Alikuwa anatabasamu kama mabwana harusi wote, kisha tabasamu likamtoka usoni polepole. Akainama na kumnong'oneza msimamizi wake.

Msimamizi alikuwa mtu wa kifua kipana ambaye Bilha aliwahi kumwona na sare za jeshi huko Bilpam, kwenye makao ya jeshi. Leo alivaa suti, na koti lilivimba kiunoni upande mmoja. Kwaya ilipoanza kuimba alisogea hadi kwa Bilha, akajifanya anamwonyesha mahali pa kusimama.

"Mama ya picha," alisema kwa sauti ya chini, "bwana harusi anasema wewe piga picha tu. Mdomo yako, wacha nyumbani."

Akarudi mahali pake. Bilha alipiga picha tatu ambazo hazikuwa na maana yoyote, akainua betri juu ili watu waone kwamba anakwenda kuibadilisha, akaingia chumba cha mchungaji nyuma ya madhabahu.

Humo alitoa simu na kuutafuta ukurasa wake wa zamani, ambako alikuwa akiweka kazi zake za Adjumani. Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Picha ilifunguka kwa vipande kutoka juu, kwanza turubai la buluu, kisha nywele za Florence, kisha nusu ya uso wa Taban. Nje kwaya ilikuwa imefika ubeti wa pili. Picha ilipomalizika Bilha aliikuza kwa vidole viwili. Hapakuwa na shaka.

Lakini kujua ni jambo moja na kusema ni jingine. Alikuwa mgeni katika mji wa watu, mwanamke peke yake, na nje palikuwa na mtu mwenye bastola. Angeweza kurudi ukumbini, kumaliza kazi na kwenda zake. Hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa hakuna ambaye angejua.

Kilichomzuia ni jambo lililompata yeye mwenyewe. Aliolewa Kisumu na Barnabas, na Barnabas akafunga ndoa ya pili Nakuru kwa siri. Aliyepiga picha za harusi ile alikuwa rafiki yao, mpiga picha mwenzake, aliyekuwa akila mezani kwa Bilha. Alijua kwa miezi saba. Bilha alipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba kazi ni kazi. Bilha alikwisha kumsamehe Barnabas, au tuseme alimchoka. Yule rafiki hajamsamehe mpaka leo.

Mlango ulifunguka akaingia Mchungaji Erifazi kuchukua daftari la ndoa. Bilha alimpa simu kabla hajajiuliza mara ya pili. Mchungaji aliitazama picha, akasoma tarehe, akavua miwani, akaitazama tena. Kisha akasema kwamba alimwomba Taban barua kutoka kanisa lake la zamani, naye akajibu kuwa karatasi zake zote ziliungua vitani.

"Una hakika, dada?"

"Nina hakika, Mchungaji."

Mchungaji alitoka, akawaambia wanakwaya waendelee kuimba mpaka awaambie, akarudi na maharusi, mjomba wa Rejoice na msimamizi. Msimamizi alifunga mlango na kuuegemea.

Taban alipoonyeshwa picha hakukana. Aliishika simu kwa mikono miwili na kusema taratibu kwamba huyo alikuwa mke wake wa kwanza, na kwamba kipindupindu kilimuua kambini miaka minne iliyopita. Hakumwambia Rejoice kwa sababu kidonda kilikuwa bado kibichi. Alisema vizuri sana. Rejoice alianza kulia, akamshika mkono kumfariji, na mjomba akamgeukia Bilha na kumuuliza kama ameridhika sasa, kumfukulia mtu kaburi siku ya harusi yake.

Tangu atoke Adjumani, Bilha hakuwahi kupata habari za Florence. Watu walikuwa wamekufa wengi kule, na inawezekana mtu huyu alisema kweli. Lakini namba ya Florence alikuwa nayo bado, kwa kuwa alimtumia picha zake.

"Nina namba yake," alisema. "Kama amekufa, haitaita."

Msimamizi alimkamata kifundo cha mkono kabla hajaifikia simu. Hakufinya sana, ila hakuachia pia. Ni Rejoice aliyesema, "Mwache." Aliichukua simu kutoka mikononi mwa Taban, akafuta machozi kwa kiganja, akatafuta jina mwenyewe na kupiga. Akaweka sauti ya wote kusikia.

Simu iliita. Iliita muda mrefu. Ilipokaribia kukatika mtoto mdogo alipokea, akasema kwa Kiarabu cha Juba kwamba mama yuko bombani. Wakasikia anaita, nyayo zinakuja, ndoo inatuliwa.

"Halo, ni nani?"

"Naitwa Rejoice. Mimi ni nesi, niko Juba. Nataka kukuuliza juu ya Taban."

Sauti ya upande wa pili ikawa nyembamba.

"Taban ni mume wangu. Nesi, niambie tu. Amekufa?"

Rejoice alifumba macho. "Hapana, dada. Ni mzima. Yuko hapa."

Alimnyooshea Taban ile simu, naye akakataa kuipokea. Kwaya ilikuwa inaimba wimbo uleule kwa mara ya tatu.

Mchungaji alitoka kuwaambia waumini kwamba hakuna ndoa leo. Hakueleza zaidi ya hapo, wala hakukuwa na haja. Katika vurugu za kutoka, msimamizi alimpata Bilha kwenye ngazi, akaivuta kamera shingoni mwake na kuibamiza kwenye saruji, mara moja, halafu ya pili. Akamwambia kwamba Juba ni mji mdogo.

Mugisha aliposikia alimfungia studio yeye mwenyewe na kumsihi apande basi la Kampala kesho yake. Bilha alifungasha begi, akalala nalo karibu na mlango, na asubuhi hakwenda. Alipigiwa simu na namba asizozijua. Mtu mmoja alikaa juu ya pikipiki mbele ya studio alasiri mbili mfululizo, bila kununua kitu wala kuongea na yeyote. Mabibi harusi wawili walivunja miadi.

Siku ya nne alikuja mjomba wa Rejoice, na Bilha akadhani yamemfika. Mzee alikataa kukaa. Alisema kwamba amezungumza na wakubwa wa yule askari na kwamba hatasumbuliwa tena. Alisema pia kwamba jambo kama lile husemwa nyumbani, si kanisani. Bilha alijibu kwamba alilijulia palepale kanisani. Mzee alitafakari, akakubali kwa kichwa, akaondoka. Yule wa pikipiki hakuonekana tena.

Florence alipiga wiki mbili baadaye. Taban alikuwa amerudi Adjumani na mabegi mawili, watoto wanafurahi, na yeye hajui afurahi au amfukuze. Hakutoa shukrani. "Ungenipigia mimi kwanza," alisema, "nisikie nikiwa peke yangu." Bilha alimwambia kwamba ni kweli, na kwamba muda haukuwepo. Hakuna aliyekata simu haraka.

Kamera ilikufa lakini kadi ya picha iliyokuwa ndani yake ilipona. Rejoice alituma ujumbe mfupi akiomba picha za nyanya yake tu, zile Bilha alizopiga nyumbani kwao asubuhi ya harusi, nyingine zifutwe. Bilha alizisafisha picha kumi na moja na kuzipeleka mwenyewe Thongpiny. Rejoice alimpokea getini akiwa na sare ya kazi. Alizipitia moja moja akiwa amesimama juani, akasema kwamba nyanya yake huyo alikataa kupigwa picha maisha yake yote, na kwamba siku ile alikubali kwa ajili yake.

Kisha akazirudisha kwenye bahasha, akamshukuru, akaingia ndani kwa wagonjwa wake.