Mama Jesse na Ndege wa Mdomo wa Njano

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka, na Xaveria Tluway, Mama Jesse kwa majirani, amechuchumaa kando ya shamba la mtama huko Mutuka, mjini Babati, darubini kuukuu usoni. Mbele yake ndege mia kadhaa wa rangi ya udongo wametua kwenye majani marefu.

Nyuma yake amesimama mwenye shamba, Melkiori, simu mkononi.

"Mama Jesse, tupige tu simu. Anayekula mtama anakula mtama."

"Subiri wapae, kaka," anamjibu bila kugeuka.

Kwa macho ya mwandishi huyu, hao wote ni shomoro. Kwa Xaveria, mkulima wa miaka 52 ambaye majirani walimchagua kuwa mwangalizi wa ndege, swali ni moja: ni kwelea kwelea, wanaomaliza shamba kwa siku mbili, au ni kweche, wanaodokoa punje na kwenda zao? Akisema kwelea, wanaitwa watu wa kilimo kunyunyizia dawa. Dawa haichagui, huua hata nyuki wa mizinga ya jirani. Akisema kweche, hakuna anayekuja.

Kazi hiyo haina mshahara. "Silipwi hata buku," anasema akicheka. "Nalipwa lawama."

Lawama anazijua. Miaka mitatu iliyopita alikuwa na kanuni moja tu aliyofundishwa: kwelea ana mdomo mwekundu. Mchana mmoja wa Machi akakuta ndege wamejaa kwenye migunga, midomo yao ya njano. Akatangaza kuwa ni kweche, na watu wakatulia. Hakujua kwamba kwelea jike, msimu wa kutaga, mdomo wake hugeuka njano. Madume, wenye midomo myekundu, walikuwa wametoka kutafuta chakula.

Makinda walipoanza kuruka, shamba lililotoa magunia kumi na moja mwaka uliotangulia lilitoa mawili. Lilikuwa shamba la Melkiori.

"Nilikwenda kwake nikashindwa kupiga hodi," anasema Xaveria. "Nilikaa nje mpaka mkewe akaniona. Niliona aibu sana."

Tangu hapo haamini mdomo peke yake. Huangalia viota: kwelea hujenga mamia kwa mamia kwenye miti ya miiba, kweche hujificha kwenye nyasi. Halafu husubiri waruke. Kwelea hubanana kama moshi, wa nyuma wakiwaruka wa mbele. Kweche hutawanyika kama watu waliotoka mnadani.

Kundi linapaa. Huyu huku, yule kule. Xaveria anashusha darubini.

"Kweche."

Ni neno lile lile alilomwambia Melkiori miaka mitatu iliyopita.

"Una hakika?" anauliza Melkiori.

"Leo nina hakika. Kesho nitakuja tena, maana kesho wanaweza kuwa wengine."

Mpango wake ni kufundisha watu wawili kila mtaa kabla mtama haujakomaa. Mpaka sasa hakuna aliyejitokeza. Kila mmoja anasema ana shughuli.

"Nikikosea peke yangu, watu wanalala njaa," anasema. "Tukiwa wawili, mmoja atabisha."

Melkiori anatia simu mfukoni.

"Kesho nipitie mapema," anasema. "Nitabisha mimi."