Bolti Ishirini na Nne na Siku ya Joto

Ndege yenyewe ilikuwa na sura ya kitu kilichoshindwa kuamua. Mwishoni mwa kila bawa palikuwa na injini, na kila injini ilibeba pangaboi kubwa kuliko lolote nililowahi kuliona darini. Ikitaka kuondoka, mapanga hutazama mbinguni nayo hupanda wima kama helikopta. Ikishafika juu, injini huinama taratibu, mapanga yakatazama mbele, ikaenda zake kama ndege nyingine yoyote. Siku ya kwanza nilipoikuta ndani ya hanga niliizunguka mara mbili, kama ninavyozunguka gari la mnada, kisha nikamwuliza injinia mkuu aliyekuja nayo kutoka Ulaya, mama wa Kizungu mwenye mvi fupi:

"Madam, hii inauzwa lini?"

"Ikipata cheti cha kubeba abiria."

"Na cheti kinatoka lini?"

"Mwaka ujao," akasema, wala hakucheka. Baadaye nilikuja kujua kwamba jibu hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko gari langu.

Mimi ni mtu wa kupatana bei. Nitajie namba yoyote, najua pa kuanzia. Lakini "mwaka ujao" unaukata vipi? Ukisema "ufanye miezi sita", unamwambia nani?

Alikuwa na kitabu kinene chenye mistari, na kila mstari ulikuwa jambo moja ambalo ndege ile ilipaswa kulithibitisha: kwamba injini moja ikizima nyingine itazungusha mapanga yote mawili, kwamba mlango hautafunguka wenyewe, kwamba barafu haitaganda pasipotakiwa. Ndege za jeshi za namna ile zinaruka siku nyingi, lakini mwanajeshi haulizi maswali. Abiria mwenye mkoba na tiketi anauliziwa maswali hayo kwa niaba yake, mstari kwa mstari. Madam alianza kazi ya kitabu kile binti yake akiwa kwenye mbeleko, na sasa binti huyo ana watoto wawili. Mwisho wa mwaka ule madam alikuwa anastaafu. Dubai alikuja kwa mstari mmoja tu: ndege ianikwe juani kutwa, iwashwe saa ya joto kali, na joto la mafuta ya sanduku la gia lisipite kiwango. Mstari huo usipotiwa alama mwezi ule wa nane, ungengoja kiangazi kingine, na atakayeutia alama atakuwa mtu mwingine.

Mimi nilikuwa mtunza stoo wa kampuni ya helikopta iliyowapa nafasi hangani. Kabla ya hapo nilikaa Ras Al Khor, soko la magari la huku Dubai, miaka kumi na tisa, nikinunua vipuri vya magari na kuvipeleka Mombasa. Ninahesabu kila kitu mara mbili. Si ucha Mungu. Niliwahi kulipia shokabzoba ishirini nikafika nazo kumi na tisa.

Sasa, Ras Al Khor tuna desturi ambayo hakuna anayekufundisha, unaikuta tu mkononi mwako. Ukinunua kipuri kwa mwenzako ili ukamwuzie mteja wako, jambo la kwanza, hata kabla hujatoka kwenye kizingiti, ni kung'oa kikaratasi cha duka. Mteja akiona kilikotoka, safari ijayo atakwenda mwenyewe na wewe utabaki ukimsalimia barabarani. Na kikaratasi hukitupi, maana hiyo ndiyo siri yako ya biashara. Unakitia mfukoni, halafu ndani ya kopo.

Wiki ile madam aliniagiza nikachukue bolti ishirini na nne kwa muuzaji wa vifaa vya ndege. Zilikuwa za kushikilia vipimo vya joto pembeni mwa sanduku la gia; bila hizo hakuna kipimo, na bila kipimo hakuna mstari. Nikaenda, nikazihesabu mara mbili pale kaunta, nikarudi. Karatasi kubwa ya mzigo nikaitia kwenye faili kama nilivyofundishwa. Bolti nikazipanga kwenye droo, zimekaa kama meno. Vile vikaratasi vya njano vilivyofungwa kwa uzi kwenye kila bolti, mkono wangu ulivitoa wenyewe, kimoja kimoja, ukavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mimi nilikuwa namfikiria samaki wa mchana.

Jumatatu asubuhi, siku nne kabla ndege haijafungwa kwenye makasha kurudishwa kwao, mkaguzi alifika kaunta. Alikuwa Mhindi wa Kerala, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja aliyowahi kumwazima mtu. Mkononi alishika pampu ndogo iliyokuja na ndege kutoka Ulaya. Kikaratasi chake kilikuwa kimechanika nusu.

"Itupwe," akasema.

"Sir, hii mpya. Tazama inavyong'aa."

"Sijui ilizaliwa wapi. Kitu nisichojua kilizaliwa wapi hakipandi kwenye ndege."

Akaondoka nayo. Nami nikabaki nimesimama, nikitazama kopo la maziwa ya unga kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa na polisi.

Nilitoka nalo nje, pamoja na droo ya bolti, kwenye kibanda cha mlinzi chenye kivuli. Mlinzi wetu wa geti alikuwa mama wa Kakamega aliyefundisha shule ya msingi kabla ya kuja huku. Waafrika Mashariki wote pale tulimwita mwalimu. Alinikuta nimemwaga vikaratasi mezani kwake, bolti upande huu, nyuzi upande ule.

"Ai, Mswahili, unafunga zawadi za Krismasi?"

"Mimi Muislamu, mwalimu."

"Ndiyo maana unafunga vibaya."

Nikamweleza. Alicheka kwanza, akafuta macho, kisha akauliza swali la kialimu: "Si uvirudishe tu? Vikaratasi ishirini na nne, bolti ishirini na nne. Hesabu ya darasa la kwanza hiyo."

Nami ndivyo nilivyodhani. Nikahesabu: ishirini na nne. Nikarudia: ishirini na nne. Halafu nikasoma vizuri kilichoandikwa. Vikaratasi kumi na vinne vilikuwa vya fungu moja la chuma na kumi vya fungu lingine. Ndiyo maana vimefungwa pale: siku fungu moja likigundulika bovu, wajue kila kipande chake kiko wapi, hata kama kiko juu ya bahari na watu tisa ndani. Nikazitazama bolti. Zilifanana kama punje za mchele. Mara ya kwanza maishani nilihesabu mara mbili, nikapata namba ile ile, na namba ile isinifae kitu. Ilinipa idadi. Haikunipa ipi ni ya wapi.

"Sasa?" mwalimu akauliza.

"Sasa nakwenda kwa madam."

"Nikuombee?"

"Niombee kwa Kiingereza, ili asikie."

Madam alikuwa chini ya bawa. Nilimwekea kopo mbele nikamwambia yote, hata habari ya Ras Al Khor na mteja anayekuruka, maana nusu ya hadithi ingenifanya nionekane mwizi na hadithi nzima ilinifanya nionekane mjinga tu. Alikitazama kitabu chake, hakunitazama mimi.

"Ungeweza kuvifunga tu," akasema. "Nisingejua."

"Ningefunga kadhaa kwa kubahatisha, madam."

"Ngapi?"

"Hapo ndipo sijui. Ningejua ningekwambia."

Mkaguzi aliitwa. Alizimimina bolti zote kwenye sanduku jekundu la chuma, la vitu vilivyokataliwa, akalifunga kwa kufuli, na mlio wa zile bolti mpya zikianguka chini ya sanduku ninao mpaka leo. Muuzaji alipopigiwa simu alisema nyingine anazo, ila anayetia sahihi kwenye vyeti vyake yuko likizo: wiki moja, inshallah. Sisi tulikuwa na mpaka Alhamisi. Madam alikifunga kitabu polepole, akaenda kusimama mlangoni mwa hanga akitazama lile jua aliloliandama kutoka Ulaya, lipo, bure, halitumiki.

Nikaomba ufunguo wa gari.

Niseme ukweli kuhusu ufundi wangu wa kupatana: umejengwa juu ya kuondoka. Unasikia bei, unaguna, unageuka, unatembea hatua saba. Hatua ya nane unaitwa. Madukani Al Rigga nimenunua hata masanduku ya safari kwa kugeuza mgongo tu. Lakini pale nilipokuwa nakwenda, nikiondoka hakuna atakayeniita, watashukuru. Kwa hiyo Jumanne niliingia ofisini kwa yule muuzaji, Mpakistani mnene mwenye tasbihi, nikasalimia, nikaketi, na nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika biashara. Nilibaki.

"Bhai, nimekwambia wiki."

"Nimesikia, arbab, bosi wangu. Nangoja."

"Utangoja wiki hapo kitini?"

"Kiti kizuri."

Akaniletea chai. Nikainywa. Akapokea simu, akapokea wateja, nami niko. Mteja akiingia nampisha, akitoka narudi. Glasi ya pili. Akaniuliza watoto wangapi. Nikamwambia wanne, nikawahesabu, nikawarudia. Glasi ya tatu nikamweleza habari ya madam: kitabu, binti wa mbelekoni, mstari mmoja. Sikuomba kitu. Alizungusha tasbihi, akaguna.

"Miaka yote hiyo na hawajaiuza hata moja?"

"Hata moja."

"Na bado anakuja kazini?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

Alivuta simu. Kumbe mwenye likizo alikuwa nyumbani kwake kule Dubai Investments Park, akipaka chumba rangi. Alikuja na rangi kwenye nyusi. Alizitoa bolti stoo, akazilinganisha na daftari lake moja moja, akatia sahihi.

"Kila moja na mfuko wake," nikasema. "Na kikaratasi ndani ya mfuko."

"Mtu wa Ras Al Khor anataka mifuko!" Mpakistani akacheka mpaka tasbihi ikamponyoka. "Khalas, basi, mpe mifuko."

Bei nililipa aliyoitaja. Naomba jambo hilo lisifike Mombasa.

Jumatano mafundi walizifunga. Alhamisi ndege ilivutwa nje alfajiri na kuachwa juani, na sisi tukakaa kivulini tukiitazama ikiiva. Kwenye nguzo palikuwa na kipimajoto, na kwenye karatasi ya madam palikuwa na namba ambayo kipimajoto kilipaswa kuifikia. Saa saba mchana vumbi likapanda, jua likawa kama taa nyuma ya pazia. Namba ikasimama nusu nyuzi chini. Saa saba na nusu, bado.

"Sir," nikamwambia mkaguzi, "nusu tu. Tukutane katikati."

"Joto halina diskaunti."

"Robo, basi."

Akanitazama, na nadhani ule ndio wakati alipokaribia kutabasamu. Madam alikuwa ameshika kalamu tangu asubuhi. Ilikuwa imemwachia alama kidoleni.

Saa nane na dakika kumi upepo ukageuka, ukaja wa bara, mkavu, ule unaokausha kauli mdomoni. Vumbi likatoka. Mkaguzi akaisoma namba kwa sauti, akangoja, akaisoma tena. Mara mbili! Nilimpenda ghafla. Madam akainua mkono, rubani akawasha, na yale mapangaboi mawili yakaanza kuzunguka na kutupulizia tanuri zima usoni. Tulisimama hivyo muda wote uliotakiwa, tukiwa tumefumba macho nusu, na vipimo vilivyoshikiliwa na bolti zile vikasema mafuta yamepanda, yamepanda, yamesimama. Chini ya kiwango.

Injini zilipozimwa masikio yalibaki yakivuma. Madam alikiweka kitabu juu ya toroli la zana, akatafuta mstari wake, akatia alama ndogo, akaandika jina lake pembeni. Aliitazama alama ile muda mrefu kuliko alivyochukua kuitia. Cheti bado, mistari mingine ingali inangoja watu wengine, katika nchi zenye baridi. Nilimwuliza tena, kwa kawaida tu, kitatoka lini.

"Mwaka ujao," akasema, na safari hii alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani.

Mwalimu alituletea karak, chai ya maziwa na iliki, kutoka kibandani. Mkaguzi naye alikuja, lakini alikuja na mkasi na kopo langu la maziwa ya unga: vikaratasi vya zamani lazima vikatwe, visije vikafungwa kwenye kitu siku moja. Tukaketi mimi na yeye kwenye ukingo wa hanga, tukikata kila kimoja katikati, madam akinywa chai yake kando yetu, kitabu kimefungwa mapajani.

"Ngapi?" akauliza tulipomaliza.

"Vipande arubaini na nane, madam."

Aliweka kikombe chini, akavivuta kwake, akaanza kuvihesabu upya.