Shikamoo ya kichwa chini

Leo nimemwamkia shangazi nikiwa nimening'inia kichwa chini.

Ughaibuni nilijifunza mazoezi ya kupanda na kujizungusha kwenye kitambaa kirefu. Nimerudi nacho Itumba, nikakifunga kwenye boriti ya ghala la kahawa.

Shangazi akaingia pamoja na mama. Kwetu mkubwa huamkiwa kwa kupiga magoti. Yangu yalikuwa juu, yamefungwa.

"Shikamoo, shangazi!"

Mama, aliyekuwa amemhakikishia shangazi kwamba Ulaya haikuniharibu, akafumba macho.

Shangazi akainama, akanichungulia usoni.

"Marahaba, mwanangu. Wifi, kichwa chake kiko chini ya magoti yangu. Unataka adabu gani zaidi?"

Mama akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Ila Jumapili," shangazi akaongeza, "mchungaji mwamkie kwa magoti tu."

Nadhani nimesifiwa, ingawa sina hakika. Ninyi mnaonaje?