Änka, Neno Nililolidai

Mwaka 2005, majira ya vuli, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na huo ulikuwa mwaka wangu wa pili tu kukaa kwenye dawati la shule. Darasa letu la watu wazima lilikuwa Farsta, kitongoji cha mji mkuu wa Waswidi. Jumatano, tarehe 12 Oktoba, mwalimu alimtaka kila mmoja wetu achague neno la Kiswidi, aeleze lilikotoka na ataje ndugu zake katika lugha nyingine za Ulaya. Wenzangu walichagua mkate, chumvi, dirisha. Mimi nilichagua änka, yaani mjane.

Sikulichagua kwa huzuni. Nililichagua kwa sababu sikuwa nalo. Katika daftari la wakazi niliandikwa ogift, mwanamke asiyeolewa, na kosa hilo nililianzisha mwenyewe. Karani wa usajili aliponihoji mwaka 2001 kama nina mume, nilijibu, "Niko peke yangu," nikaishia hapo. Katika ukoo wa mume wangu, kule kwetu Uvira, mwanamke hajiiti mjane mpaka ndugu wa marehemu waanue matanga. Akijitangaza kabla ya hapo, huonekana anamsukuma mumewe nje ya nyumba. Mume wangu alifariki tarehe 3 Agosti 1999, vita vikawatawanya wazee, na matanga hayakuanuliwa. Karani aliandika alichoambiwa. Ndoa ya miaka kumi na minane ikafutika, na binti yangu akawa mtoto wa mwanamke ambaye hakuwahi kuolewa. Hilo sikuwa tayari kulibeba hadi kaburini.

Nilifanya kazi ile kwa majuma matatu, kwa kamusi nene ya maktaba. Kifaransa cha kuzungumza nilikuwa nacho tangu ujana: veuve. Darasani, mama mmoja kutoka Chile alinipa viuda ya Kihispania, na fundi bomba wa Kipolandi akanipa wdowa. Kamusi ilinionyesha kwamba hayo, pamoja na Witwe ya Kijerumani na widow ya Kiingereza, ni ya ukoo mmoja wa kale sana, unaohusishwa na kutenganishwa. Katika Kilatini, vidua alikuwa pia mtu aliyenyang'anywa kitu, aliyeachwa mtupu. Waswidi walipita njia nyingine. Änka, kama enke ya Wadenmark na Wanorwe, imetokana na neno la kale la namba moja. Niliwapenda kwa hilo: neno lao linamhesabu aliyebaki.

Siku ya kusoma mbele ya darasa, mwalimu aliongeza gräsänka, mjane wa nyasi, mke ambaye mumewe yuko safarini tu.

"Basi mimi ni wa nyasi tangu Ijumaa," alisema yule mama wa Chile. "Wangu yuko ziwani anavua samaki."

"Akirudi mikono mitupu, jifanye mjane wa kweli," fundi akamjibu, na darasa zima likacheka, mimi nikiwa wa kwanza.

Nilipoomba daftari lisahihishwe, ofisi ya usajili ilitaka cheti cha ndoa cha kanisa na ushahidi wa maandishi wa ndugu wa marehemu. Vyote viwili vilikuwa kwa mtu mmoja: shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyekaa Fittja, kitongoji kingine cha mji uleule. Cheti alikuwa amekivusha mipaka mitatu ndani ya Biblia yake.

"Matanga huanuliwa nyumbani, shemeji," aliniambia, "si kwenye ghorofa ya sita."

"Nyumbani ni wapi, shemeji? Kaka yako ana binti mmoja, naye yuko hapa."

Alinikatalia mwaka mzima. Hatimaye nilimsomea karatasi yangu ya shule, nikiitafsiri sentensi kwa sentensi. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo hawa wote wana neno la kumwita mke wa kaka yangu," alisema, "isipokuwa sisi tulioitwa harusini?"

Jioni hiyohiyo alimpigia simu shangazi yao mkubwa kule Uvira. Shangazi alimkaripia kwa kunichelewesha, kisha akatoa idhini matanga yaanuliwe hukohuko tulipo. Jumamosi, tarehe 18 Novemba 2006, tuliimba, tukasali, tukala ugali na sambaza, dagaa wa kwetu, na shemeji akanivua kitambaa cheusi cha msiba kichwani mbele ya watu wote. Jumatatu alinikabidhi cheti, akatia sahihi ushahidi wake kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Ofisi ilichukua miezi sita. Barua ilifika Alhamisi, tarehe 24 Mei 2007. Binti yangu aliifungua akiwa amesimama mlangoni, akaisoma kwa sauti: daftarini sasa niliandikwa änka. Akanirukia shingoni.

"Grattis, mamma!"

Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, kwa aibu ya kumpongeza mama yake kwa kuwa mjane.

"Toa mkono mdomoni," nilimwambia. "Nipongeze tena, na safari hii kwa Kiswahili."

"Hongera, mama," akasema.

Nikaipokea hongera hiyo nikiwa nimesimama wima.