Patroni na Glasi ya Maji

Anayerudi hosteli pale Tegeta jioni lazima ampumulie patroni usoni. Patroni hufumba macho, hunusa taratibu kama mpishi aliyefunua sufuria ya pilau, kisha hutoa hukumu: "Hii bia ni ya jana, tena ya moto!" Hakosei hata siku moja. Juzi alimtimua Edgar kwa bia moja tu.

Leo, kwenye semina ya kupinga ulevi, alihubiri mpaka koo likamkauka. Sekela, dada yake Edgar, akampelekea chupa ya maji na glasi. Patroni akaendelea kufoka huku mikono ikijifanyia kazi yake: ikainamisha glasi, ikamimina maji ubavuni mwake, polepole, kwa adabu zote.

"Samahani, patroni," Sekela akasema kwa upole, "maji hayatoi povu."