Uso Uliofunikwa Rangi

Baba alianza kama fundi rangi wa nyumba. Kabla ya kupaka ukuta ilibidi aukwangue, na rangi za wapangaji waliotangulia zilikuwa zikijitokeza moja baada ya nyingine. Akaihamishia kazi hiyo kwenye mbao. Anapaka tabaka juu ya tabaka, anachanganya jivu, kutu, maji ya chai, kisha anakwaruza kwa kipande cha kioo cha dirisha. Majirani wakambandika jina la Mkwaruzo. Walisema huyu hulipwa kupaka, halafu hulipwa kuharibu, sasa mjinga nani? Mwenye ukumbi wa maonyesho alinunua nyingi kati ya mbao hizo, akaziita picha zisizo na umbo.

Umbo lilikuwepo. Kila ubao, baba aliniambia, aliuanza kwa uso wa mama, kisha akaufunika. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na picha zake ziliteketea kwenye moto uleule uliomchukua. Nimekua nikilala chumba kimoja na mbao zile, zimegeuziwa ukutani, na naapa zilikuwa zinanisikiliza nikipumua. Niliziogopa na nilizipenda. Nilipomwomba baba anioneshe mama, alisema kioo chake hakifiki tabaka la chini.

Mwaka jana akapooza mkono wa kulia. Nikawa mkono wake: yeye anaelekeza akiwa kitini, mimi nakwaruza. Mchana mmoja aliposema inatosha, sikuacha. Akarudia taratibu kwamba niache. Nina miaka thelathini na minne na sijawahi kumwona mama yangu, ningeachaje?

Kijani kikatoka, jivu likatoka. Likaja paji la uso, likaja jicho, kisha kovu dogo juu ya nyusi. Kovu hilo nililipata nilipoanguka ngazini, nina miaka saba.

"Baba, huyu ni mimi."

Aliutazama mkono wake uliolala pajani.

"Uso wa mama yako ulinitoka akilini mapema," alisema. "Nikawa nautafuta kwako."

Nikamuuliza ni ubao gani basi wenye mama.

"Wa kwanza tu. Nilikuwa sijajua kukwaruza, nikaukwangua mpaka mti mtupu. Uso wake haukurudi tena mkononi. Ndio ule wa jikoni, tunaokatia vitunguu."

Nilikwenda nikauosha, nikauegemeza dirishani ukauke. Tangu siku hiyo vitunguu nakatia kwenye sahani.