Kijerumani cha Shangazi Veneranda

Nikisikia harufu ya petroli ya jenereta, hata leo, huwa natafuta mahali pa kukaa chini. Mwili wangu unadhani video inaanza.

Kwetu Bukiriro, miaka ile wakimbizi walipojaa Ngara nzima, kila Jumapili baada ya misa tulijazana kwenye bwalo la masista, mablanketi yametundikwa madirishani, tukatazama kanda ambazo Sista mmoja alitumiwa na ndugu zake wa Ujerumani. Zote zilikuwa za Kijerumani. Sista aliwasha, akaenda zake zahanati, akatuachia mpishi wake atutafsirie: shangazi yangu Veneranda.

Kijerumani cha shangazi, nilikuja kujua baadaye, kilikuwa viazi, chumvi na vitunguu. Hilo halikumzuia. Kwenye katuni, dubu alimwamkia bibi sungura shikamoo kabla ya kuomba karoti, na mbweha alikaripiwa kwa kukwepa mafundisho ya kipaimara. Tuliamini kila neno.

Tulichokipenda zaidi ni kanda za polisi wa majini, boti yao ikipasua mto mpana kuliko Ruvubu wetu wa mpakani. Mara nyingine walimvuta mtu majini, wakamlaza, wakamfunika shuka. Hapo shangazi alisema bila kusita, "Baridi imempiga. Wanampeleka akanywe chai."

Pembeni yangu alikaa Spesioza, mtoto mkimbizi wa Burundi aliyepokelewa kwetu, tuliyelala naye kitanda kimoja. Alianza kuvuka Ruvubu na mama yake, akafika peke yake. Nyumbani wote walimwambia mama yuko njiani, na kila mlo alibakiza nusu ya chakula, akakifunika kwa sahani. Hakulia hata siku moja. Wakubwa walimsifu kwa uvumilivu, nami nikamwonea wivu kwa kusifiwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani aliyekumbuka?

Jumapili moja polisi walimfunika mwanamke. Shangazi akaanza na baridi yake.

"Shangazi," Spesioza alisema taratibu, "huyo amekufa. Chai hanywi."

Shangazi alijifuta mikono kwenye kitenge, ingawa ilikuwa mikavu.

"Ndiyo, mwanangu. Amekufa."

"Na mama?"

Shangazi akapiga magoti mbele yake. "Na mama pia. Waliovuka nanyi walituambia. Ihangane, mwanangu, ihangane," akampa pole kwa lugha ya kwao.

Ndipo Spesioza akalia. Video ikazimwa, boti ikiwa katikati ya mto, nami nikamnunia mpaka jioni kwa kutuharibia polisi wetu. Wakati wa chakula alimaliza ugali na maharage yote, akaomba tena, wala hakufunika sahani. Nikamshtaki kwa mama yangu kuwa ni mlafi. Mama aligeukia jiko, akampakulia.

Miaka ilipita kabla sijaelewa. Sote tulimpenda Spesioza, na kwa upendo huohuo tukamwacha amngoje marehemu peke yake. Zile chai za shangazi bado nazipenda, na nikizikumbuka nacheka. Lakini katika kanda zote zile, alitafsiri sawasawa mara moja tu.